Muhuri umetoka vibaya? Kagua mchoro kabla ya kulaumu raba

Kuanzia Agosti mpaka minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba, meza yangu hapa Mtwara hujaa mihuri. Chama cha msingi cha ushirika kimebadilisha viongozi, ghala linataka muhuri wa mapokezi, msafirishaji anataka wa kugonga kwenye hati za mzigo, na wote wanautaka leo. Baada ya wiki mbili tatu baadhi ya mihuri hurudi ndani ya bahasha, pamoja na karatasi iliyogongwa mara sita saba, na aliyeileta anasema, "Kaka, raba yenu mbovu."

Raba yenyewe huwa mbovu mara chache. Nimetengeneza mihuri ya polima (inayogandishwa kwa mwanga unaopita kwenye filamu ya mchoro, kisha ikaoshwa), ya leza (raba inayochongwa kwa kuchomwa) na ya flashi (sponji ambayo mwanga huifunga vitundu pasipo na herufi), na kasoro nyingi nilizorudishiwa zilikuwa tayari ndani ya mchoro kabla mashine haijawashwa. Nimezipanga hapa kwa dalili, kama wateja wanavyozieleza. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana, nikamalizia na ile ya nadra.

Jambo hili si dogo huku kwetu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho msimu wa 2007/2008, karatasi ya mkulima hupita kwenye mikono mingi kabla hajaona hela yake. Muhuri usiosomeka unaweza kumrudisha mtu Tandahimba kwa nauli yake mwenyewe.

Kipimo cha kwanza kwa dalili yoyote

Printi mchoro kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, kwa printa ya leza, rangi nyeusi tupu. Hakikisha printa haijawekwa kujaza ukurasa, maana hapo muhuri wa milimita 40 unaweza kutoka 38 bila wewe kujua. Pima kwa rula. Kisha toa kopi ya karatasi hiyo, halafu kopi ya kopi, halafu kopi ya hiyo tena. Kila kopi hunenepesha herufi kidogo, karibu kama wino unavyofanya kwenye raba. Herufi zikianza kuzibana kwenye kopi ya tatu, zitabanana kwenye muhuri pia. Hiki si kipimo cha maabara, lakini kimeniokolea raba nyingi.

Herufi zimejaa wino, a na e hazionyeshi tundu

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote.

Kwanza, wino umezidi. Mtu kapata muhuri mpya, kamimina nusu chupa kwenye pedi. Ugonge kwenye karatasi chakavu mara kumi bila kuurudisha kwenye pedi. Ikiwa kuanzia mara ya tano maandishi yanafunguka, mchoro hauna kosa. Kama muhuri ni wa kujipaka wino, toa pedi, ikandamize kwenye karatasi ya chooni mpaka iache kung'aa, irudishe.

Pili, herufi ni ndogo mno au ni nzito mno. Herufi kubwa ya Arial ya pointi 6 ina urefu wa milimita 1.5 hivi. Hapo ndipo ninaposimama, sishuki zaidi. Kwa muhuri utakaogongwa kwenye vitabu vya risiti vyenye karatasi laini inayonyonya wino, usishuke chini ya pointi 7. Na usikoleze herufi ndogo. Wengi hufikiri herufi nzito itasomeka zaidi, kumbe unene ule unaingia ndani ya tundu la herufi na kulifunga.

Hapa Kiswahili kina tabia yake. Andika "Wakala wa Mazao Masasi" kwa herufi ndogo za Arial, uhesabu a zilizomo: kuna nane. Na a ya Arial ina kitumbo kidogo chini na mkia juu yake, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kujaa. Mtengenezaji anayefuata vipimo vilivyotungwa kwa maneno ya Kiingereza hataliona tatizo hili mpaka muhuri umeshakauka. Ninachofanya mimi ni kutumia Century Gothic kwenye mistari midogo, kwa sababu a yake ni duara moja lililo wazi, au kuandika mstari wote kwa herufi kubwa. Times nimeiacha kabisa kwenye mihuri midogo: vijimstari vyake vyembamba hupotea wakati sehemu zake nene zinajaa, basi unapata makosa mawili kwa fonti moja.

Tatu, nafasi kati ya vitu ni ndogo. Mstari na mstari, herufi na duara la nje, nyota na neno: vyote viachane angalau milimita 0.4. Kwenye skrini milimita 0.2 huonekana pana kwa sababu umekuza picha. Kwenye karatasi wino huiruka.

Nne, kwa mihuri ya polima, mwanga umezidi au filamu imewekwa kinyume. Upande wa filamu wenye tona ya printa unatakiwa uelekee kwenye polima. Ukielekea juu, mwanga hupenya kwa mshazari chini ya kingo na kila herufi hunenepa. Kama mchoro umepita kipimo cha kopi tatu lakini muhuri bado unajaa, hapa ndipo pa kuangalia.

Mistari myembamba imekatika au haikutokea kabisa

Fungua faili, bonyeza mstari uliopotea, soma unene wake. Katika CorelDRAW, ambayo ndiyo karibu kila steshenari huku inaitumia, kuna chaguo la mstari mwembamba kama unywele. Huo hauna unene wa kweli. Skrini inauonyesha, printa inauchora kwa wembamba wa mwisho inaouweza, na raba haiwezi kuusimamisha. Upe namba: milimita 0.25 kwenda juu kwa mistari ya kawaida, 0.4 kwa duara la nje, maana duara ndilo linalogonga ukingo wa meza na kuchakaa mapema.

Kama unene ulikuwa sahihi ulipochora lakini umebadilika, sababu ni kupunguza au kukuza mchoro. Kuna kisanduku kwenye mipangilio ya mstari kinachoamua kama unene ufuate ukubwa wa kitu au ubaki palepale. Usipokitia alama, mchoro uliotoka milimita 80 kuja 40 utabaki na mistari ileile ya zamani, nayo itafunga kila uwazi. Na mchoro uliokuzwa utaonekana umekonda. Njia salama ni kugeuza mistari yote kuwa maumbo kabla hujabadilisha ukubwa.

Mistari myeupe ndani ya weusi ipe unene zaidi, 0.4 hadi 0.5, kwa kuwa wino unaisogelea kutoka pande zote mbili.

Muhuri wa saini una shida ya peke yake. Mkurugenzi anasaini kwa kalamu ya bluu juu ya karatasi yenye mistari, anapiga picha kwa simu, anatuma. Mwanzo wa saini una wino mwingi, mwisho wake ni vumbi. Hakuna mashine itakayoitengeneza hiyo. Mwombe kwa heshima asaini upya kwa kalamu nyeusi ya ncha laini, kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, mara sita au nane, kwa ukubwa kama mara mbili ya muhuri. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), chagua iliyo nzuri. Ni kazi ya dakika tano, na mwenye saini mwenyewe huona tofauti.

Ukishakagua hayo na mistari bado inabanduka kwenye polima wakati wa kuosha, muda wa mwanga umekuwa mfupi. Taa zikizimika umeme ukikatika katikati ya kazi, usikisie kuongeza dakika zilizobaki. Tupa kipande hicho, anza upya.

Kingo za herufi au nembo zina meno kama msumeno

Picha ni ndogo, na karibu kila mara imepita WhatsApp.

Hesabu yenyewe ni hii. Muhuri wa milimita 40 kwa dpi 600 unahitaji pikseli 945 kwa upana. Msimu mmoja katibu wa chama fulani alinitumia nembo aliyoikata kutoka kwenye picha ya bango lililotundikwa ofisini. Nembo yenyewe ilikuwa na pikseli 200. Ukizitandaza kwenye milimita 40, kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 0.2, karibu sawa na mstari mwembamba wenyewe. Meno yale unayaona kwa macho bila lenzi. Na bango lilikuwa limepepea kidogo, kwa hiyo hata duara halikuwa duara.

Kagua kwa mpangilio huu. Uliza kwanza kama kuna faili la asili. Aliyechora nembo, aliyechapa fulana, aliyetengeneza bango: mmoja wao analo, mara nyingi kama PDF. Likipatikana, liombe litumwe kwa njia ya dokumenti, si kama picha, kwa sababu WhatsApp hubana picha na kupunguza pikseli zake. Hata faili likiwa zuri, likitumwa kama picha linafika limeshaharibika.

Lisipopatikana, tafuta nembo iliyochapwa vizuri na kubwa, kwenye kichwa cha barua au kalenda, uiskani. Kopi ya kopi haifai.

Kuongeza dpi kwenye programu hakusaidii. Kompyuta inagawa pikseli zilezile vipande vidogo, meno yanabaki na ukungu unaongezeka. Ile amri ya kufuatisha picha ili iwe vekta, yaani mchoro wa mistari badala ya pikseli, nayo inadanganya: juu ya picha mbovu itakupa mabaka laini yenye pembe za ajabu, na mteja ataona tai wake amegeuka kunguru. Nembo rahisi naichora upya kwa mkono kwenye programu, picha ikiwa chini kama kielelezo. Nusu saa ya kazi hiyo inalipa kwa miaka, maana mteja akirudi faili lipo.

JPEG iepuke hata ikiwa kubwa. Huacha vumbi la kijivu kuzunguka kila herufi, na vumbi hilo likigeuzwa kuwa nyeusi tupu linakuwa vipele kwenye raba.

Nembo imetoka kama baka, au kama vumbi la nukta

Muhuri una lugha mbili tu: wino upo, au haupo. Kijivu hakipo, kivuli hakipo, rangi inayofifia haipo. Ukipeleka nembo ya rangi, kuna mtu au mashine itaamua kipi kiwe cheusi na kipi kiwe cheupe, na uamuzi huo hautakuwa wako. Sehemu nyingine zitageuzwa nukta ndogo ambazo raba haiwezi kuzibeba. Kwenye polima zinaoshwa zikaisha, kwenye leza zinaungua.

Kagua kwa kugeuza picha iwe nyeusi na nyeupe ya biti moja, bila nukta, halafu usogeze juu na chini kiwango cha mkato, pale kijivu kinapogeuka cheusi au cheupe. Ukipata hatua ambapo nembo inatambulika, umepona. Mara nyingi hutaipata, na hapo inabidi kuamua kwa kichwa.

Nembo za huku nyingi zina korosho, na nimezichora nyingi. Picha ya rangi ina bibo (tunda la mkorosho) jekundu linaloelekea njano, korosho ya kijivu chini yake na jani la kijani. Ukiigeuza tu, bibo na jani huwa weusi mmoja na korosho hupotea ndani yake. Ninavyofanya: korosho naijaza weusi, kwa sababu ndiyo umbo linalotambulika na kila mtu huku kwa pembe yake ile iliyojikunja. Bibo nalichora kwa mstari wa nje tu, 0.35. Jani nalijaza weusi, nalipasua kwa mshipa mmoja mweupe wa 0.5, bila mishipa midogo. Kati ya korosho na bibo naacha uwazi wa 0.4. Katika milimita 12 picha hiyo inasomeka hata wino ukiwa umekauka. Mwonyeshe mteja kabla ya kutengeneza, maana umeibadilisha nembo yake na ana haki ya kukataa.

Maandishi ya duara yamebanana, au jina limekatwa

Mihuri ya vyama karibu yote ni ya duara, na majina ya vyama ni marefu. Piga hesabu kabla ya kuahidi.

Chukua muhuri wa milimita 40. Ukitoa duara la nje na nafasi, herufi za urefu wa milimita 3 zitakaa juu ya duara lenye kipenyo cha 31 hivi, na mzingo wake ni milimita 97. Sasa chukua "CHAMA CHA MSINGI CHA USHIRIKA CHA WAKULIMA WA KOROSHO", bado hata jina la kijiji. Ni herufi 45 na nafasi 8. Kwa Arial ya kimo hicho, herufi kubwa moja hula wastani wa milimita 2.8. Jumla inapita 130. Haiwezekani, hata ubembelezwe vipi. Wengine hulazimisha kwa kusukuma herufi zikaribiane mpaka zinagusana, na hiyo ndiyo mihuri inayorudi.

Ukichukua Arial Narrow na kushusha kimo hadi milimita 2, jina lote linaingia kwenye 75 hivi, na chini panabaki nafasi ya "MTWARA" na nyota mbili. Njia ninayoipenda zaidi ni kumwomba mteja akubali "AMCOS" (kifupi cha Kiingereza cha chama cha ushirika cha mazao) badala ya maneno manne au matano, kama jina lake la usajili linaruhusu. Liangalie kwenye cheti. Usifupishe jina kwa hiari yako.

Maandishi ya juu hubanana miguuni, ya chini yanayosomwa wima hubanana vichwani. Kwa hiyo nafasi zilizo sawa kwenye mstari ulionyooka hazitakuwa sawa kwenye duara: juu ongeza kidogo, chini ongeza zaidi kidogo. Kisha geuza maandishi kuwa maumbo, uitazame kila jozi ya herufi. A na V hukimbiana, H na I hubanana. Hili ni la jicho.

Kama muhuri ni wa tarehe, pima dirisha la magurudumu kwa rula kwenye muhuri wenyewe, uache milimita 1 kila upande. Usiamini picha ya katalogi.

Sehemu kubwa nyeusi ina mawingu meupe

Weusi mwingi unahitaji shinikizo lililo sawa kila mahali, na mkono wa mtu haulitoi. Jaribu kwanza kugonga juu ya gazeti lililokunjwa badala ya meza tupu. Ikisaidia kidogo tu, rudi kwenye mchoro: geuza eneo jeusi liwe mstari wa nje, au lijaze mistari ya mshazari ya 0.3 iliyoachana kwa 0.5. Maandishi meupe ndani ya boksi jeusi yanapendeza kwenye kadi. Kwenye muhuri yape pointi 10 au zaidi, la sivyo achana nayo. Kwenye mihuri ya flashi weusi mkubwa una ubaya wa kinyume, unamwaga wino mpaka karatasi inalowa.

Uchafu unatokea kati ya herufi, mahali pasipo na kitu

Raba ina milima na mabonde. Milima ni herufi, bonde ndiyo sakafu. Sakafu ikigusa karatasi, unaona madoa.

Angalia mchoro kwanza: kuna eneo tupu kubwa katikati, au kati ya duara na maandishi? Mkono ukikandamiza, raba hubonyea pale na sakafu hugusa. Sogeza vitu vijaze nafasi, au baada ya kutengeneza kata sakafu hiyo kwa wembe mkali.

Kisha filamu. Kwa polima tunatumia filamu ya kinyume: herufi ziko wazi, pembeni pote ni peusi. Ishike kwenye mwanga wa dirisha. Ukiuona mti wa nje kupitia weusi, na mwanga wa taa utapita vilevile, na sakafu itapanda. Tona imeisha au printa imewekwa kubana matumizi. Printi tena kwa weusi kamili. Mihuri ya flashi nayo inataka weusi mzito, ingawa pale herufi ndizo nyeusi: weusi unazuia mwanga usifunge vitundu vya sponji, na ukiwa hafifu herufi zinatoka zimefifia.

Mvua zikianza huku mwishoni mwa mwaka, na unyevu wa bahari juu yake, karatasi ya tresi tunayoprintia filamu hunyonya maji na kujikunja. Ikijikunja hailali vizuri na herufi hupanuka upande mmoja. Mimi huitunza ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, natoa karatasi moja moja.

Kwa leza, sakafu inayogusa ina maana kina hakitoshi. Karibu milimita 1 inafaa kwa raba ya kawaida. Vitu vyembamba vipe mteremko pembeni, visisimame kama ukuta, la sivyo vinayumba vikigongwa.

Muhuri unasomeka kinyume

Umegeuzwa mara mbili, au haukugeuzwa kabisa. Mchoraji kaugeuza akidhani anasaidia, mwenye mashine naye kaugeuza kwa kawaida yake. Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka Newala muhuri wa namna hiyo. Katibu aliugonga mbele ya wajumbe, wakabaki wanautazama, na nikaona aibu iliyonifundisha kazi. Nilirudi na basi, nikautengeneza upya bila malipo.

Tangu hapo kanuni yangu ni moja: faili linabaki linasomeka sawa wakati wote, na anayegeuza ni mwenye mashine peke yake, mara moja. Kwenye jina la faili naandika "linasomeka sawa". Kama muhuri unatengenezewa Dar es Salaam, mpigie simu usikie kwa sikio lako. Ukikosewa, ni zaidi ya kilomita 500 kwenda na zaidi ya 500 kurudi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara pale Somanga, kuna watu walisubiri siku nyingi kwa vifurushi vidogo kuliko hivyo.

Fonti imebadilika, au pembeni pamekatika

Fonti: hukugeuza maandishi kuwa maumbo. Ctrl+Q katika CorelDRAW, baada ya kuhifadhi nakala nyingine inayoharirika.

Pembeni: mchoro umejaza kipimo chote cha kasha. Kwa makasha ya Trodat yanayojipaka wino, 4912 inabeba milimita 47 kwa 18, 4911 inabeba 38 kwa 14, 4913 inabeba 58 kwa 22. Bakiza milimita 1 ndani ya kipimo hicho kila upande.

Mahali pa kusimama

Kuna matatizo ambayo hutakiwi kuendelea nayo mwenyewe.

Leza ikiacha kuchoma, au ukisikia mlio wa cheche ndani, zima, chomoa kwenye soketi, muite fundi anayezijua mashine hizo. Bomba la leza linatumia umeme wa maelfu ya volti, na chaji hubaki ndani hata baada ya kuzima. Usifungue kava, usijaribu tena na tena. Usichome kipande usichokijua ni cha nini: plastiki ya PVC ikiungua hutoa gesi yenye klorini, inaumiza mapafu na kula mashine. Nunua raba inayouzwa kwa ajili ya leza. Na mashine ikiwa inachoma, usitoke chumbani hata kwa dakika moja. Raba hushika moto.

Polima mbichi ishike kwa glovu. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji mengi. Ukianza kuwashwa au kuvimba, acha kazi uende hospitali, maana mwili ukishaikataa hurudia kila ukiigusa. Usiziangalie taa zake. Ballasti, kile kifaa kinachoendesha taa, ikinuka au ikivuma, ni ya fundi umeme.

Wino: muhuri wa flashi unataka wino wake wa mafuta. Ukitia wa maji wa pedi, sponji inaziba, na hakuna mchoro utakaoirekebisha. Usisafishe polima kwa petroli wala thina, inavimba na herufi hupoteza umbo. Maji, sabuni na mswaki laini vinatosha.

Mwisho ni yule anayekuja na karatasi iliyogongwa muhuri wa hospitali, shule, mahakama au halmashauri na kusema, "Nitengenezee kama huu, wa zamani umepotea." Hapo simama kabisa. Kughushi muhuri ni kosa la jinai, na nembo ya taifa haichorwi kwa ombi la mtu binafsi. Hata kwa muhuri wa kampuni au chama, nataka barua yenye kichwa cha ofisi, nakala ya cheti cha usajili na kitambulisho cha aliyetumwa, naviweka kwenye faili pamoja na chapa ya kwanza ya muhuri. Aliyetumwa kwa haki harudi amekasirika. Hurudi kesho yake na barua, na mara nyingi barua hiyo ndiyo inayonionyesha jina la chama linavyoandikwa kwa usahihi.